Sultani Aliyeletewa Kilichoanguka Bandani

Hapo zamani, zama ambazo kila mji ulikuwa na sultani wake na kila sultani alikuwa na waziri wa kumharibia, palikuwa na mtu katika mji wa Mkunguni, jina lake Kombo bin Faki. Mtu huyu alikuwa fukara, lakini hakuwa fukara wa kunung'unika. Alikuwa na desturi moja iliyowafanya watu wampende: kabla hujapata kumcheka, yeye amekwisha kujicheka. Ukiitazama kanzu yake, atakwambia, "Usidhani hii ni kanzu yenye viraka, bwana. Hivi ni viraka vyenye kanzu kidogo." Ukimuuliza kazi yake, atakujibu, "Kazi yangu ni kuanza. Kumaliza nimewaachia wenye vipaji." Na juu ya jina lake alikuwa akisema, "Marehemu baba aliniita Kombo, kisha akakaa kungoja aone. Hakungoja sana. Kitu cha kwanza nilichojenga kilikwenda upande."

Kombo alikuwa na mke, Bi Mize, mwanamke wa maneno machache na macho makali, na binti mmoja tu, Mwatumu, aliyeolewa mji wa pili. Ikawa Mwatumu alipata mimba yake ya kwanza, na ilipofika mwezi wa saba akarudishwa kwa wazazi wake ajifungulie kwao, kama ilivyo ada. Nyumba ikajaa furaha, na nyuma ya furaha ikaingia fikira. Mzazi hutaka supu ya kuku na mayai muda wa siku arobaini, na Kombo, katika mali yote ya ulimwengu, alikuwa na matetea sita na jogoo mmoja mwenye chongo. Kuku hao hawakuwa na kwao. Mmoja alilala juu ya kinu, wawili chini ya kitanda, waliobaki walilala walikojisikia, na mayai yao walikwenda kuyataga vichakani, kenge wakala wakashiba.

Basi asubuhi moja Bi Mize akasema, "Mume wangu, jenga banda la kuku."

"Mke wangu, wewe unanijua."

"Nakujua. Ndiyo maana nimesema banda, sikusema nyumba."

Kombo akaenda akakata fito, akaomba makuti kwa jirani, akasokota kamba za makumbi, akaanza. Aliona ni vyema afanye kazi akiwa ndani, ili mafundo ya kamba yakae vizuri upande watakaouona kuku, maana wao ndio wenye nyumba. Akafunga ukuta wa kwanza, akafunga wa pili, akafunga wa tatu, akaezeka juu, kisha akafunga wa nne huku akijiimbia. Alipokaza fundo la mwisho akarudi nyuma apate kuitazama kazi yake, mgongo ukagonga fito. Akageuka huku, fito. Akageuka kule, fito. Nje ya banda matetea sita na jogoo walikuwa wamesimama safu moja, wanamtazama.

Bi Mize akatoka jikoni, akasimama pamoja na kuku. "Unatafuta nini humo?"

"Natafuta mlango, mke wangu. Nilikuwa na hakika nimeuacha mahali."

Bi Mize hakucheka. Alirudi ndani akaleta panga, akakata fito nne upande alipokuwa amesimama, na tundu lile ndilo likawa mlango wa banda tangu siku ile, mrefu upande mmoja na mfupi upande wa pili. Kombo akatoka humo akitambaa, akamwambia jogoo, "Karibu ndani, bwana. Mimi nimelijaribu, linafunga barabara." Mwatumu alikuwa amekaa kizingitini na tumbo lake, akacheka mpaka mama yake akamwambia atulie, asije akazaa kabla ya siku.

Basi kuku wakalizoea banda, wakawa wanataga humo chini kwenye udongo, na kila siku Bi Mize akaokota mayai mawili matatu akayaweka. Wangeishi vivyo hivyo, lau si habari ya nazi.

Sultani wa Mkunguni siku zile alikuwa Sultani Shahabu, mtu mnene, mpole, mpenda chakula, asiyependa kesi. Siku moja waliingia barazani kwake majirani wawili wanaogombania nazi. Mmoja akasema, "Mnazi ni wangu." Wa pili akasema, "Lakini imeangukia kwangu." Wakaendelea hivyo mpaka adhuhuri, na harufu ya pilau ikawa inaingia kutoka jikoni, na Sultani akawa hasikii tena ila harufu. Mwisho akasema, "Nyamazeni. Ardhi yote ya mji huu ni ya nani?"

"Ni yako, Maulana."

"Basi kilichoanguka juu yake ni changu. Mpeni mpishi hiyo nazi." Akainuka akaenda kula.

Watu wakacheka, wakatawanyika, na neno lingeishia hapo. Lakini Waziri Ghanimu alikuwa amelinyakua, akaliandika. Siku ya pili ikapigwa mbiu mji mzima: "Kila kiangukacho juu ya ardhi ya Sultani ni mali ya Sultani! Atakayekificha atatolewa mjini, yeye na jamaa zake!" Askari wakaanza kuzunguka na makapu. Walianza na nazi, wakaja kwenye mapera na ndimu, kisha wakafika kwenye mayai. Ajuza mmoja akathubutu kumwambia Waziri, "Bwana mkubwa, yai halianguki, yai hutagwa." Waziri akamjibu, "Jana lilikuwa ndani ya kuku. Leo liko juu ya ardhi. Katikati hapo lilifanya nini kama si kuanguka?" Ajuza akatafuta jibu hakuliona, na yai likaenda.

Askari aliyepangiwa mtaa wa Kombo aliitwa Mbwana, mtu mwenye haya nyingi, ambaye kila achukuapo kitu huomba radhi. Akaingia uani akasema, "Hodi wenyewe. Niwieni radhi." Akaingiza mkono katika banda, akatoa mayai manne, akasema tena, "Niwieni radhi sana," akaenda zake. Akawa anakuja hivyo kila siku, na kila siku anaomba radhi, na Bi Mize akawa anamwitikia kwa ulimi wakati moyo unachemka.

Siku ya tano Bi Mize akamkalisha mumewe chini. "Baba Mwatumu, mimba imeingia mwezi wa tisa. Nimpikie mtoto wangu supu ya nini? Ya maneno yako?"

"Maneno yangu hayana mafuta," akasema Kombo. Lakini safari hii mzaha haukumtoka vizuri. Alimtazama binti yake, ambaye miguu ilikuwa imemvimba na uso umempungua, na akaona haya mbele yake. Akatoka uani akajiinamia mbele ya banda muda mrefu. Hatimaye akainua kichwa, akasema peke yake, "Ardhi ni ya Sultani. Haya. Lakini baina ya ardhi na mbingu mbiu haikusema neno."

Akaamua kuliinua banda. Akakata miguu minne ya mti mkavu, akalipandisha banda juu yake, likakaa kwenye kimo cha kifua cha mtu. Lakini mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko wenzake, na asubuhi yake kuku wote walikutwa wamejazana pembe moja kama viazi katika gunia, na jogoo yuko chini kabisa. Kombo akaukata ule mguu mrefu. Sasa ukawa mfupi. Akaikata mitatu iliyobaki iufuate, mmoja katika hiyo ukapungua zaidi, akakata tena. Bi Mize alikuwa akimtazama kwa dirisha. Banda lilipofika kwenye kimo cha goti akatoka, akamnyang'anya msumeno, akatia jiwe chini ya mguu uliopungua, akarudi ndani. Banda likatulia.

Ikabaki sakafu. Kombo alikuwa ameifunga kwa fito zilizoachana, ili hewa ipite na uchafu udondoke chini. Uchafu ukadondoka vizuri sana, na mayai nayo yakaufuata. Siku ya kwanza yalipita mawili, pwaa, pwaa.

Bi Mize akasema, "Hayo ya Sultani."

"Nimpelekee na mwiko?" akauliza Kombo.

Akatafuta makapu yaliyotoboka, akayajaza nyasi kavu, akayafunga pembeni ndani ya banda. Alianguka kutoka juu ya paa la banda alipokuwa akiyafunga kwa juu, akaanguka tena alipopanda kuangalia kwa nini ameanguka, akaanguka mara ya tatu alipokuwa anamweleza Mwatumu jinsi alivyoanguka mara ya pili. Lakini makapu yalishika. Matetea wakayakagua, wakayapenda, wakaanza kutaga humo. Yai likawa linalala juu ya nyasi, nyasi juu ya kapu, kapu juu ya fito, na mpaka kufika chini kwenye ardhi ya Sultani ni safari nyingine.

Kilichofika chini ni kile kingine. Bi Mize alitaka kukifagia akitie kwenye mchicha wake, Kombo akamshika mkono. "Usikiguse, mke wangu. Kimeanguka."

"Mavi ya kuku?"

"Mbiu imesema kila kiangukacho, haikubagua. Akitokea mwenye fitina akasema tumeficha, tutatolewa mjini, na Mwatumu atazalia njiani." Basi akawa anakikusanya kila asubuhi kwa ufagio na kifuu, anakitia ndani ya kanda la ukili, na Bi Mize akaenda zake akisema amepewa mume na Mungu na hana wa kumshitakia.

Mbwana alipokuja akaingiza mkono chini ya banda, maana yeye ametumwa vilivyo juu ya ardhi, hakupata kitu. Akachutama akatazama chini, hapana kitu. Akainua uso atazame juu, na hapo tetea mmoja akafanya haja yake, ikatua juu ya kofia ya Mbwana.

"Niwie radhi," akasema Mbwana kwa mazoea.

"Chukua tu," akasema Kombo. "Hicho hakikufika ardhini. Hicho ni chako."

Siku tatu Mbwana alirudi na kapu tupu, na siku ya nne Waziri Ghanimu akaja mwenyewe, amevaa joho, na Mbwana nyuma yake. Akalizunguka banda lile mara mbili, akaona miguu, akaona makapu, akafahamu.

"Ewe Kombo! Unaichezea sheria ya Sultani?"

"Bwana Waziri, mimi kujenga siwezi, kuchezea sheria nitawezaje? Hili banda ukilipigia chafya linaanguka."

"Kuku wako wametaga siku zote hizi na hapana hata yai moja lililofika kwa Maulana. Umeyaficha! Sasa sikiliza. Ijumaa, baada ya sala, utakuja barazani mbele ya Maulana na mbele ya wageni wake, nawe utaleta kila kitu kilichoanguka kwa kuku wako tangu siku ya mbiu. Kikipungua, wewe na nyumba yako mtatoka mjini kabla ya jua kushuka."

"Kila kitu, Bwana Waziri?"

"Kila kitu."

"Hata kikiwa kidogo?"

"Hata kikiwa kidogo!"

"Na kama Maulana hatakipenda?"

"Si kazi yako kumchagulia Maulana apende nini! Mbwana, umesikia?"

"Nimesikia, Bwana mkubwa," akasema Mbwana, na akamtazama Kombo kwa huruma.

Waziri alipokwisha kwenda, Kombo alikaa chini palepale. Mayai hakuwa nayo, yaliyokuwapo yalikwisha kuliwa na Mwatumu kwa amri ya mama yake. Bi Mize akasimama mbele yake akasema, "Nawe umejibu nini?"

"Nimeuliza maswali."

"Utapeleka nini sasa?"

Kombo akayatazama makanda mawili yaliyojaa yaliyokuwa yameegemea ukuta. Akasema taratibu, "Alichoniagiza."

Ikawa Ijumaa, na kukicha tu Mwatumu akashikwa na uchungu. Mkunga akaja, akamfukuza Kombo mlangoni. Kombo alitaka kubaki, lakini haikuwezekana. Akaazima punda, akapakia makanda yale, akachukua sinia la shaba lililokuwa mahari ya Bi Mize, akalijaza yale yaliyo makavu na mazuri zaidi, akalifunika kawa nzuri ya ukili mwekundu, kama apelekavyo mtu maandazi kwa wakwe. Sauti ya Mwatumu ilimfuata mpaka mwisho wa uchochoro, na kila alipoisikia alisimama, na kila aliposimama punda alimsukuma kwa kichwa.

Njiani watu wakamuuliza, "Kombo, una nini?"

"Mali ya Sultani iliyoanguka kwangu. Waziri ameagiza kila kitu, hata kikiwa kidogo, na anayeficha anatolewa mjini."

Mwenye mbuzi mmoja akasikia, akasimama akifikiri. "Kila kitu?" akasema. "Ala! Basi na mimi nimeficha!" Akarudi kwake mbio. Akasikia mwenye ng'ombe. Wakasikia wachukuzi wenye punda. Na hofu ikienea mjini haitaki miguu.

Sultani Shahabu alikuwa ameketi barazani juu ya kiti cha enzi, kulia kwake wageni watatu wajumbe wa mji wa jirani, kushoto kwake Waziri Ghanimu. Kombo akaingia, akaweka sinia chini, akasujudu.

"Nashika miguu yako, Maulana."

"Inuka. Wewe ndiye nani?"

"Mimi Kombo bin Faki, Maulana. Ukimwona mtu amejifungia ndani ya banda lake mwenyewe, ndiye mimi. Nimeleta mali yako."

Sultani akavuta pumzi kwa pua, akakunja uso. "Harufu hii ni ya nini?"

"Ni harufu ya utiifu, Maulana. Nimeuweka siku nyingi."

Sultani, ambaye kila kawa kwake ilikuwa ni chakula, akanyoosha mkono mwenyewe akaifunua. Akatazama. Wajumbe nao wakanyoosha shingo wakatazama, kisha wote watatu wakajiziba pua kwa ncha za vilemba vyao.

"Amekutukana, Maulana!" akapiga kelele Waziri. "Amekutukana mbele ya wageni! Naomba atiwe kifungoni!"

Kombo aliogopa sana, lakini ulimi wake, ambao maisha yake yote ulizoea kukimbia mbele ya aibu, ukakimbia na leo. "Maulana, mimi sina akili ya kutukana. Mbiu imesema kila kiangukacho juu ya ardhi yako ni mali yako, na ardhi ya banda langu ni yako. Kuku wangu wamekaa juu, hiki kimeanguka chini. Bwana Waziri akaniambia nilete kila kitu, hata kikiwa kidogo, na akanikataza nisikuchagulie upende nini. Hili ni sinia tu. Makanda mawili yako nje juu ya punda. Nimekusanya kwa mkono wangu, na kama kimepungua, basi ni kile kimoja alichokwenda nacho Mbwana juu ya kofia."

Sultani akamgeukia askari. "Mbwana, Waziri alisema hivyo?"

Mbwana akamtazama Waziri, akaitazama miguu yake, akasema, "Niwie radhi, Bwana Waziri. Alisema hivyo, Maulana. Hata kikiwa kidogo."

"Nilikusudia mayai!" akasema Waziri.

"Mayai gani?" akauliza Sultani.

Kombo akaeleza, kwa adabu na bila kuongeza, jinsi askari walivyokuwa wakipita kwa makapu kila siku, na jinsi ajuza yule alivyoshindwa kujibu. Sultani akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema polepole, "Ghanimu. Mimi nimekula mayai mara moja mwezi huu, na yalikuwa mawili. Mji mzima umeokotewa mayai kila siku. Hayo mengine ameyala nani?"

Waziri akafungua mdomo, na kabla neno halijatoka zikasikika kelele nje: mbuzi, punda, na sauti za watu wanaosukumana. Sultani akauliza, "Na hao ni kina nani?"

Mbwana akachungulia mlangoni, akarudi amepauka. "Maulana, ni raia zako. Wameleta mali yako. Wa mwanzo ana kapu la mbuzi. Nyuma yake wana matoroli ya ng'ombe. Na wachukuzi..." Akasita. "Wachukuzi wamekuja na punda wenyewe, wanasema inaendelea kuanguka."

Mmoja wa wajumbe akatoa sauti chini ya kilemba chake, mabega yakawa yanamtikisika. Sultani alijizuia, akauma mdomo, uso ukamwiva. Kombo akaona ni lazima amalize yote aliyonayo, maana roho yake ilikuwa nyumbani.

"Maulana, imebaki moja, nisije nikaambiwa nimeificha. Nilipokuwa nalijenga banda lile, mimi mwenyewe nilianguka kutoka juu ya paa, nikafika chini kabisa juu ya ardhi yako. Mara tatu. Kwa hiyo mimi ni mali yako, mara tatu. Sina thamani, kisigino kimoja kina ufa, na sijui kazi yoyote. Lakini sheria ni sheria. Nimejileta, na chakula changu cha mchana kiko juu yako."

Hapo Sultani Shahabu alishindwa. Alicheka kicheko kilichoanzia tumboni kikampanda mpaka kilemba kikamlegea, akajipiga mapaja, akajitupa nyuma, akajitupa mbele, kiti cha enzi kikainama, na Sultani wa Mkunguni akadondoka chini, pu, mbele ya wajumbe watatu na Waziri wake.

Sultani akakaa palepale sakafuni, machozi ya kicheko yanamtiririka, akauliza, "Ewe Kombo! Na mimi nimeanguka. Mimi ni mali ya nani sasa?"

"Ya Sultani, Maulana," akajibu Kombo. "Nasi tunakuombea dua, akutunze vizuri kuliko anavyotutunza sisi."

Kicheko kikakatika. Sultani akamtazama mtu yule mwenye viraka, kisha akanyoosha mkono, na Kombo akamsaidia kuinuka. Akaketi tena, akatengeneza kilemba chake, akasema kwa sauti ya kutulia, "Nilitoa hukumu nikiwa na njaa. Ni kosa langu. Mbwana, toka ukapige mbiu: sheria ile imekufa leo. Kila mtu na kilichomwangukia. Na wewe Ghanimu, banda lako lina kuku wangapi?"

"Wengi, Maulana," akasema Waziri, kwa sauti ndogo.

"Kila nyumba iliyotwaliwa mayai itachukua kuku mmoja kwako, na wa kuchagua ni wao. Wakikwisha kuchagua, utavua joho, utachukua jembe, na haya yote yaliyoko nje utayatia katika bustani yangu kwa mikono yako. Hata kikiwa kidogo." Kisha akamgeukia Kombo. "Omba utakalo. Au nikufanye msimamizi wa mabanda yangu yote?"

Kombo akapiga magoti. "Maulana, kuku wako wamekukosea nini? Nina ombi moja tu. Binti yangu ana uchungu tangu alfajiri, nami sijui habari yake. Niruhusu niende."

"Mpeni farasi!"

"Usinipe farasi, Maulana. Nitaanguka." Akawa amekwisha kutoka, amekusanya kanzu mkononi, anakimbia katikati ya mbuzi na matoroli, sinia la mkewe amelisahau barazani.

Alipofika uani alisikia kilio, kilio chembamba cha kiumbe kipya, akasimama mlangoni akashindwa kuingia. Mkunga akatoka amebeba kifurushi cha kanga. "Msichana," akasema. "Mama yake mzima."

Kombo akamkodolea macho. "Ameangukia wapi?"

"Ameangukia wapi! Ameingia mikononi mwangu, mwanamume we, mimi mkunga miaka thelathini."

"Alhamdulillahi," akasema Kombo, na machozi yakamtoka. "Basi ni wetu."

Kabla ya magharibi Sultani alileta kuku ishirini, gunia la mchele, doti za kanga kwa ajili ya mzazi, na sinia la shaba limesuguliwa likang'aa. Mji mzima ulikuwa ukipita uani kumpa Kombo mkono na kumwita mwenye hekima, na yeye akawa anawajibu, "Hekima ilipita karibu yangu ikanikanyaga." Walipokwisha kwenda, Bi Mize akampelekea Mwatumu supu, akarudi, akaketi karibu na mumewe kwenye kizingiti.

"Niambie kweli," akasema. "Tangu siku ya kwanza uliyoshika ule ufagio, ulikuwa umekwisha kulijua jambo hili litakavyokwenda?"

Kombo akajikuna kisogo. "Mke wangu, sikujua lolote. Nilikuwa naogopa tu. Nilikusanya kwa sababu ya hofu, nikapeleka kwa sababu sikuwa na kingine, na nikasema kwa sababu nikinyamaza ningelia."

Bi Mize akamsogelea, jambo ambalo hakulifanya siku nyingi mbele ya mlango, akamwekea mkono gotini.

"Usimwambie mtu," akasema.

Hekaya yangu imetaga hapa. Mwenye kapu na aokote, asiye na kapu akinge upindo.